Kumsusia Mwenye Duka kwa Sababu ya Neno



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Waama baad.

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaotukaribisha majumbani mwenu kila wiki, safari hii tumeletewa barua iliyotukosesha usingizi. Mwandishi wake ni mjane mwenye watoto watatu. Katika mtaa wao yuko ami mmoja mwenye duka la vyakula. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, ami huyo alisema barazani kwamba makato ya lazima ya bima ya afya ni dhuluma, kwamba serikali haina haki ya kuingiza mkono katika mfuko wa mtu, na kwamba maskini waachiwe sadaka za wenye uwezo kama ilivyokuwa zamani. Maneno hayo yakafika majumbani kabla ya Magharibi. Katika chama cha akina mama wa mtaa ule yumo mmoja ambaye mwanawe husafishwa figo mara mbili kwa wiki kwa bima hiyo hiyo. Alilia mbele ya wenzake. Chama kikakata shauri: hakuna atakayenunua hata kiberiti kwa ami yule.

Dada yetu anatuuliza: "Nami niungane nao? Mwenye duka huyu ndiye aliyenifungulia daftari la deni nilipokuwa edani, wala hajanidai mbele ya watu hata siku moja. Lakini huyu mwenye mtoto mgonjwa ni kama ndugu yangu wa tumbo moja."

Sisi si mamufti, wala safu hii haitoi fatwa. Lakini jambo hili limewahi kutokea kwa sura inayokaribiana sana, katika nchi ya mbali na kwa kipimo kikubwa zaidi, na mwisho wake unajulikana. Tumeona ni vyema tulisimulie kisa hicho kwanza, kisha tukipime kwa mizani yetu wenyewe, ndipo tumjibu dada yetu.

Mwaka 2009 Marekani ilikuwa katika mjadala mkali juu ya matibabu. Serikali yake ilikuwa ikiwalipia wazee na baadhi ya mafukara kwa sheria ya mwaka 1965. Wengi wa waliobaki walitegemea bima inayotolewa na mwajiri, na asiyekuwa na mwajiri wa namna hiyo alijitafutia mwenyewe. Watu wapatao milioni 46 hawakuwa na bima yoyote. Aliyekuwa na maradhi ya zamani, kama kisukari au saratani, aliweza kunyimwa bima kwa sababu ya maradhi hayo hayo. Rais Barack Obama alitaka sheria ya kulibadilisha hilo.

Katikati ya mjadala, mwezi Agosti mwaka huo, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha makala ya John Mackey. Bwana huyu ni mmoja wa waasisi wa Whole Foods, maduka ya vyakula vya asili yaliyoanzia mji wa Austin, Texas, mwaka 1980. Wateja wake wengi walikuwa watu wa mrengo wa Obama: wanaojali mazingira, wanaochagua mboga zisizopigwa dawa, na walio tayari kulipa zaidi kwa ajili ya hayo. Mwenye duka, kumbe, alikuwa na fikra nyingine. Alipinga mpango wa serikali na akapendekeza mambo manane badala yake.

Uadilifu unatudai tuyaeleze mawazo yake kama yeye alivyoyaeleza. Alitaka watu warahisishiwe kuwa na bima ya ada ndogo, ambayo mwenye nayo hujilipia mwenyewe gharama za mwanzo za matibabu, pamoja na akaunti ya akiba ya afya. Alitaka anayejinunulia bima apate nafuu ya kodi sawa na anayenunuliwa na mwajiri. Alitaka kampuni za bima ziruhusiwe kushindana katika majimbo yote, na sheria zisizilazimishe kugharimia huduma ambazo mnunuzi hazihitaji. Alitaka kesi dhidi ya madaktari zipunguzwe, bei za matibabu ziwekwe wazi, na mpango wa wazee urekebishwe. Jambo la nane lilikuwa kuwarahisishia walipa kodi kutoa mchango wa hiari kwa ajili ya wasio na bima. Juu ya hayo, alisema kwamba katiba ya nchi yake haimpi mtu haki ya matibabu, kama isivyompa haki ya chakula wala makazi, na kwamba maradhi mengi yangeepukwa kama watu wangekula vizuri na kuitunza miili yao.

Hayo ndiyo maoni ya wahafidhina wa Marekani kwa ufupi. Msingi wake ni kwamba mtu anayelipa kwa fedha zake huangalia bei. Kwamba familia, kanisa na jirani huijua shida ya mtu kuliko karani wa serikali. Na kwamba wema unaolazimishwa hauwi wema tena. Si maneno ya kipuuzi. Wengi wetu tumewahi kuyasema kwa lugha yetu.

Wala Mackey hakuwa akihubiri asilotenda. Kampuni yake iliwalipia ada yote ya bima wafanyakazi waliofanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki, ambao walikuwa karibu asilimia 89 ya wafanyakazi wake wote. Kila mwaka iliweza kuwawekea hadi dola 1,800 katika akaunti ya kujitibia. Bima yenyewe ilianza kulipa baada ya matumizi ya kama dola 2,500. Pengo la katikati lilikuwa juu ya mgonjwa.

Wateja walighadhibika. Waliona wamekuwa wakimtajirisha mtu anayeyapinga wanayoyaamini. Katika muda wa wiki chache maelfu ya watu walijiandikisha mitandaoni kwamba hawatanunua tena katika maduka yake, na wengine wakasimama milangoni na mabango. Wahafidhina nao, ambao wengi wao hawakuwa wateja wa maduka hayo, wakaitana kwenda kununua huko kwa makusudi ili kumuunga mkono. Ikawa nyanya na mkate vimegeuka kura. Mackey alijitetea kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi wala hayakuwa ya kampuni, na kwamba kichwa cha habari kilichowaudhi watu kiliwekwa na gazeti. Lakini hasira ilikwisha kupanda.

Wahafidhina walisema wakati ule kwamba kumsusia mtu kwa sababu ya maoni yake ni kukosa uvumilivu. Neno hilo lina ukweli, lakini wao wenyewe hawakulishika. Mwaka 1997 jumuiya kubwa ya makanisa ya Kibaptisti ya kusini mwa Marekani ilitangaza kuisusia kampuni ya Disney kwa kuona inakwenda kinyume na maadili ya familia, na haikuliondoa tangazo hilo hadi mwaka 2005. Mwaka 2023 ni wahafidhina hao hao walioisusia bia moja kwa sababu ya tangazo lake. Basi kila upande huiita silaha hii haki inapokuwa mkononi mwake, na huiita uonevu inapokuwa mkononi mwa mwingine. Wahenga walikwisha kusema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mwisho wake ulikuwaje? Maduka hayakufungwa, kampuni iliendelea kukua, na mwaka 2017 ilinunuliwa na Amazon kwa dola bilioni 13.7. Sheria ya Obama nayo haikupitishwa wala kuzuiliwa na waliosusia mboga. Ilipitishwa na wabunge na kutiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Ikakataza mtu kunyimwa bima kwa ajili ya maradhi ya zamani, na ikamtaka kila mwenye uwezo awe na bima au atozwe faini. La ajabu ni kwamba sharti hilo la lazima, ambalo wahafidhina walilipinga hadi Mahakama ya Juu na kushindwa mwaka 2012 kwa kura tano dhidi ya nne, lilikuwa limependekezwa mwaka 1989 na taasisi yao wenyewe ya Heritage. Tena gavana wa chama chao, Mitt Romney, ndiye aliyelitia saini katika jimbo la Massachusetts mwaka 2006. Walilipenda lilipotoka kwao, wakalichukia lilipotoka kwa mpinzani.

Na liko jingine la kuzingatiwa. Mwaka 2019 maduka yale yale ya Whole Foods, yakiwa sasa chini ya mwenye mali mpya na Mackey angali mkurugenzi, yalitangaza kwamba kuanzia Januari 2020 wafanyakazi wa saa chache hawatapata tena bima ya kampuni. Walioguswa walikuwa kama 1,900. Hapo ndipo udhaifu wa hiari unapoonekana. Kilichotolewa kwa hisani huweza kuondolewa kwa barua moja, na aliyekitegemea hana pa kushtaki.

Tukirudi kwetu, maneno ya ami yule si mageni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, ulioanzishwa mwaka 1966, umetoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake lote. Asiyeajiriwa hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kulalamika juu ya kodi na makato si dhambi. Mtu anaweza kuhoji hesabu, akahoji uaminifu wa wasimamizi, akahoji kwa nini muuza mahamri akadiriwe kwa mizani asiyoielewa, na bado akawa Muislamu mwema na raia mwema.

Lakini je, ni kweli kwamba dini yetu inamwachia maskini sadaka ya hiari peke yake? Hapa tunaona ami yetu amekosea, kama alivyokosea Mackey. Zaka si hiari. Ni nguzo, na Sayyidna Abubakar (R.A.) alipigana na walioikataa baada ya kufa Mtume (S.A.W.). Maana yake ni kwamba katika mali ya tajiri mna haki ya mhitaji, na haki haiombwi kwa kupiga magoti. Wakati huo huo, zaka haimdai asiyefikia nisabu. Hapo ndipo wanaopinga makato wanapopata hoja yenye nguvu kuliko ile waliyoisema: si kwamba kulazimisha ni dhuluma, bali kwamba kumlazimisha asiye na kitu kunahitaji jicho la huruma. Sheria inayomdai fukara na tajiri bila kuwatofautisha vya kutosha inafaa kukosolewa, na akosoaye asiitwe adui wa wagonjwa.

Tena tunayo historia ambayo ni wachache wanaowasimulia watoto wetu. Mwaka 1154 Nuruddin Zangi alijenga hospitali mjini Damascus. Mwaka 1284 Sultan Qalawun akajenga nyingine mjini Cairo iliyowapokea matajiri na maskini, wake kwa waume. Hazikuendeshwa kwa kapu linalopitishwa siku ya Ijumaa. Ziliendeshwa kwa wakfu: maduka, mashamba na nyumba ambazo kodi zake zilifungwa kwa ajili ya wagonjwa, na mwenyewe aliyetoa hakuweza kuzirudisha. Hiyo ni sadaka, naam, lakini ni sadaka iliyotiwa kufuli ili isitegemee moyo wa mtu utakavyoamka kesho. Anayesema maskini waachiwe sadaka aulizwe: sadaka ipi? Ile ya kupita, au ile iliyofungwa?

Sasa tuje kwenye kususia. Sira ya Mtume wetu inatupa mafunzo mawili ambayo yafaa kuwekwa bega kwa bega.

La kwanza ni kwamba Mtume (S.A.W.) na jamaa zake walisusiwa. Makureshi waliandika mkataba wakautundika katika Al-Kaaba: asiuziwe mtu wa Bani Hashim chochote, wala asinunuliwe kwake, wala kusiwe na kuoana. Ilikuwa karibu miaka mitatu katika bonde la Abu Talib. Walikula majani ya miti, na vilio vya watoto wenye njaa vilisikika nje ya bonde. Mkataba ule uliliwa na mchwa. Waliosusiwa hawakuwa wamedhulumu mtu. Kosa lao lilikuwa neno walilolisema na jamaa waliyekataa kumtupa.

La pili ni la Thumama bin Uthal, mkubwa wa Bani Hanifa kule Yamama. Alipokamatwa alifungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina, akatendewa wema, akaachiliwa, akasilimu kwa hiari yake. Alipokwenda Makka kwa umra na Makureshi wakamkebehi, aliapa kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano ya Yamama mpaka Mtume atoe ruhusa. Makka ikaona njaa. Wale wale walioandika mkataba wa bonde wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu. Naye, aliyeyajua majani ya miti yana ladha gani, aliagiza wafunguliwe njia ya chakula.

Katika visa hivi viwili tunajifunza kwamba kususia ni silaha ya kweli. Inaweza kuwa ya haki inapoelekezwa kwa tendo la dhuluma linaloendelea, kama wengi wetu tulivyoacha kununua bidhaa fulani kwa ajili ya ndugu zetu wa Gaza. Lakini silaha huulizwa maswali kabla ya kuchomolewa. Je, tunapinga tendo, au tunapinga neno? Je, aliyekosa ataumia yeye, au ataumia kijana anayebeba magunia na mjane anayekopa? Je, tumemwendea muhusika na kumwambia uso kwa uso kabla ya kumwadhibu? Na je, tumemwekea mlango wa kurudi, tukamweleza ni jambo gani akilifanya tutarejea dukani kwake? Kususia kusikokuwa na mlango wa kurudi huwa ni kukata udugu kwa jina zuri.

Tukimpima ami yule kwa maswali hayo, tunaona amesema neno. Neno lake lilimchoma mama mwenye mtoto mgonjwa, na hilo si dogo hata kidogo. Mtu mzima anayesema barazani yampasa kujua kwamba baraza lina kuta nyembamba. Lakini hakumpunja mtu kipimo, hakupandisha bei ya unga, hakumnyima mgonjwa dawa. Na matendo yake, kwa ushahidi wa mjane wa mtaa wake mwenyewe, yanakaribiana na neno lake: amesema mhitaji asaidiwe na jirani, naye amesaidia kimyakimya. Wangapi katika sisi tunaounga mkono bima ya umma kwa ndimi zetu, na daftari zetu hazina jina la mjane hata mmoja?

Basi dada yetu, rai yetu ni hii. Usiungane na kususia huku, wala usiwakatae wenzako. Rudi chamani uwaambie uliyotuambia sisi kuhusu daftari lile, maana wao wamekata shauri bila kulijua. Huenda unaona haya kuitaja hali yako, lakini ushahidi ulio nao ni amana. Kisha waombe wamtume mmoja wenu aliye mkubwa kwa umri na mpole wa ulimi, afuatane na mama wa mgonjwa akiridhia, waende kwa ami nyumbani kwake mbele ya mkewe, wala si dukani mbele ya wateja. Wamweleze kwamba mtoto yule anaishi kwa bima ambayo yeye ameiita dhuluma. Hatudhani kwamba alimkusudia mtoto huyo. Pengine hata hakujua.

Tena waende na daftari jipya mkononi. Wamwambie: ami, umesema wagonjwa waachiwe sadaka za wenye uwezo, nasi hatukukatalii. Nauli ya kwenda hospitali mara mbili kwa wiki haimo katika bima, wala chakula maalumu cha mgonjwa wa figo. Hili hapa daftari la kila mwezi, na ukurasa wa kwanza tumekuachia wewe. Akiandika jina lake, mtaa utakuwa umepata mwanzo wa kitu ambacho kesho chaweza kuwa wakfu mdogo. Akikataa, mtakuwa mmejua kwamba lilikuwa neno tupu, na kila mmoja wenu atachagua pa kununua sukari akiwa na macho wazi.

Na nyinyi mliochagua kususia kwa uchungu wa rafiki yenu, hatuwalaumu. Kusimama na mwenye kuuguliwa ni ibada. Tunachowaomba ni kwamba hasira ile ile iliyowafanya mfunge mlango mmoja ifungue mwingine. Wateja wa Marekani walihamishia fedha zao duka la pili, na mgonjwa aliyekuwa hana bima hakupata hata dola moja kwa kuhama kwao. Kama akina mama ishirini wa chama chenu watatoa kila mmoja shilingi hamsini kwa wiki, ni shilingi elfu moja, na mtoto yule atafika hospitali Jumatatu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde wajane na mayatima wetu, azilainishe ndimi zetu barazani na nyoyo zetu majumbani. Dada yetu, tuandikie utueleze daftari lile lilipokelewaje.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.